Land Rover kuukuu, injini kubwa: Faida iko wapi Mbulu na Hanang?

Na Mwandishi Wetu

MSIMU wa mavuno unapokaribia katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, swali moja hurudi kwenye gereji na kwenye vijiwe vya wanunuzi wa mazao: Land Rover ya zamani iliyochoka injini ifanyiwe ukarabati ibaki kama ilivyotoka kiwandani, au ifungwe injini nyingine iliyo kubwa na yenye nguvu zaidi?

Swali hilo si la mafundi peke yao. Ni swali la mtaji. Kwa mfanyabiashara mdogo anayekusanya vitunguu saumu Mbulu, au mbaazi, ngano na alizeti Hanang, fedha za kubadili injini mara nyingi ndizo hizo hizo ambazo angenunulia mzigo wa msimu. Akikosea hesabu, atajikuta ana gari lenye nguvu nyingi na hana mzigo wa kulibebesha.

Wiki hii ukurasa huu unaacha kidogo bei za magunia na madebe, unaangalia chombo kinachoyabeba. Jibu kwa ufupi ni hili: injini kubwa hulipa kwa gari linalofanya kazi karibu kila siku nje ya lami, na hailipi kwa gari linalotoka mara moja kwa wiki kwenda mnadani. Aidha, bei ya injini yenyewe ni sehemu tu ya gharama, na mara nyingi si sehemu inayomuumiza mwenye gari.

Kwa nini bado ipo sokoni

Tangu lami ya kutoka Singida hadi Babati kupitia Katesh ikamilike, biashara ya kusafirisha mazao kwenye barabara hiyo imekwenda kwa malori ya Fuso na Canter. Mizigo midogo ya karibu imechukuliwa na pikipiki za magurudumu matatu, maarufu kama Toyo. Land Rover haiwezi kushindana na Canter juu ya lami, kwani inabeba kidogo na inakunywa mafuta mengi kwa kila gunia.

Soko lililobaki kwa Land Rover liko pale lami inapoishia. Ni njia za vijijini kuelekea Dongobesh na Haydom upande wa Mbulu, na tambarare za ngano za Basotu na Balangdalalu upande wa Hanang, ambako mvua ikinyesha udongo hunata na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hulala njiani. Huko mwenye gari halipwi kwa mwendo. Analipwa kwa kufika.

Gari lenyewe lina historia ndefu. Land Rover ya kwanza iliuzwa mwaka 1948 ikiwa na injini ya petroli ya lita 1.6. Mwaka 1958 ilikuja injini ya lita 2.25, yaani cc 2,286, ambayo ndiyo wengi wanaikumbuka kwenye Land Rover 109. Namba hiyo 109 ni kipimo cha inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mwaka 1983 ilifuata ile iitwayo One Ten, ambayo baadaye ilipewa jina la Defender. Utengenezaji wa gari la umbo hilo ulikoma Januari 2016, na Defender iliyozinduliwa baadaye ni gari tofauti kabisa.

Kwa lugha ya soko, maana yake ni kwamba ugavi umefungwa. Hakuna Land Rover ya aina hiyo itakayotoka tena kiwandani, na kila iliyo hai ina thamani ambayo haishuki kama ya magari mengine. Oktoba 2024 mji wa Arusha uliandaa tamasha la Land Rover lililokusanya magari mengi sana, ya zamani na ya karibuni. Kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo Katesh au Mbulu mjini ana mali, hata kama injini imekufa.

Hewa ya milimani hula nguvu

Sababu ya kwanza inayotolewa na wanaotaka injini kubwa ni milima, na sababu hiyo ni ya kweli. Sehemu kubwa ya wilaya hizi mbili iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Mlima Hanang wenyewe unapita mita 3,400. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na injini inayovuta hewa yenyewe bila turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000.

Injini ya lita 2.25 ya petroli ilikuwa na takriban nguvu farasi 70 ikiwa mpya na ikipimwa karibu na usawa wa bahari. Kwenye mita 1,500 hupoteza kama nguvu farasi 10, hivyo hubaki 60. Ukiongeza kuchakaa kwa pistoni na valvu kwa miaka 40 au 50, halafu ukapakia magunia kumi ya mbaazi, si ajabu gari kupanda kwa gia ya kwanza likitoa mvuke kwenye rejeta.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wengi hawalipimi. Tiba ya hewa nyepesi si lazima iwe injini yenye ujazo mkubwa. Injini yenye turbo husukumiwa hewa, hivyo mwinuko hauiumizi kama isiyo na turbo. Injini ya dizeli ya 300Tdi, iliyoanza kutumika kwenye Land Rover mwaka 1994, ina cc 2,495 tu, lakini hutoa nguvu farasi 111 na nguvu ya mzunguko ya Nm 265. Hiyo ni zaidi ya mara moja na nusu ya mzunguko wa ile ya petroli ya zamani, kwa tofauti ya ujazo isiyofika robo lita.

Kiwanda chenyewe kilitangulia

Wapo wanaoona kubadili injini ni kuliharibu gari. Historia haiwaungi mkono sana, maana kiwanda chenyewe kilifanya hivyo. Mwaka 1979 Land Rover ilianza kuuza 109 yenye injini ya V8 ya lita 3.5. Iliipunguza nguvu kwa makusudi hadi nguvu farasi 91, na gari zima likarekebishwa lilingane nayo.

Australia walikwenda mbali zaidi. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Land Rover zilifungwa injini ya dizeli ya Isuzu ya lita 3.9 kutoka Japani, na jeshi la nchi hiyo likanunua magari ya One Ten yenye injini hiyo kuanzia mwaka 1987. Hiyo ni injini ya lori dogo ndani ya Land Rover, na magari hayo yalitumika jeshini kwa miaka mingi.

Lakini msomaji azingatie kwamba katika kila mfano huo injini haikuwekwa peke yake. Giaboksi na uwiano wa gia vilipangwa upya kuifuata. Ukiiga injini peke yake, umeiga nusu ya kazi.

Somo kutoka magari ya spoti

Mchezo wa kuweka injini kubwa katika gari dogo la zamani ulipata umaarufu zaidi kwenye magari ya spoti ya Uingereza. Magari hayo yako mbali na shamba la ngano, lakini matatu kati yake yana mafunzo ya kibiashara yanayofaa hata Haydom.

Gari la kwanza ni AC Ace, gari jepesi lililotengenezwa Uingereza likiwa na injini za silinda 6 za lita 2 hivi. Mwaka 1962 Mmarekani Carroll Shelby alilifunga V8 ya Ford ya lita 4.3, likaitwa Cobra na likawa maarufu duniani. Lakini ilipotakiwa V8 ya lita 7, chesisi ilibidi itengenezwe upya iwe nene zaidi, na springi za bapa zikaachwa zikawekwa za koili. Injini ilikua kupita uwezo wa gari, ikabidi gari nalo lijengwe upya.

La pili ni Sunbeam Tiger. Kampuni ya Rootes ilichukua gari lake dogo la Alpine, ikalifunga V8 ya Ford ya lita 4.3, ikaanza kuliuza mwaka 1964. Mwaka 1967 Rootes ikawa mikononi mwa Chrysler, mshindani wa Ford. Chrysler haikuwa na V8 iliyoweza kukaa vizuri katika nafasi hiyo, na mwaka huo huo gari likafa. Funzo lake ni kwamba ukifunga injini ambayo spea zake ziko mikononi mwa mtu usiyemtegemea, uhai wa gari lako nao uko mikononi mwake.

La tatu ni MGB GT V8, lililotoka Agosti 1973. Kiufundi kazi ilikuwa safi: V8 ya Rover ya lita 3.5 ilikuwa ya aluminiamu, na uzito wake ulikaribiana na ule wa injini ya chuma ya lita 1.8 iliyoondolewa, hivyo gari halikuelemewa mbele. Lakini Oktoba mwaka huo ilizuka vita ya Mashariki ya Kati, bei ya mafuta ikapanda kote duniani, na wanunuzi wakakimbia. Hadi lilipoachwa mwaka 1976 yalikuwa yametengenezwa magari 2,591 tu. Injini nzuri ilishindwa na bei ya mafuta.

Kodi nayo huamua ukubwa wa injini. Datsun 240Z, iliyoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 na 1973, ilikuwa na injini ya lita 2.4. Nyumbani Japani gari hilo hilo liliuzwa zaidi likiwa na lita 2.0, kwa sababu huko kodi ya gari ilipanda likivuka kiwango hicho.

Injini gani hufungwa

Kwa Land Rover za kanda yetu chaguo huangukia makundi mawili. Kundi la kwanza ni injini za Land Rover zenyewe, 200Tdi na 300Tdi. Ile ya 200Tdi hukaa kwenye giaboksi ya zamani kwa marekebisho madogo, wakati 300Tdi huhitaji kazi zaidi pale inapounganika na giaboksi. Zote mbili kwa kawaida zina pampu ya dizeli isiyotumia kompyuta, jambo ambalo ni faida kubwa kwa fundi wa Dongobesh. Injini ya Td5 iliyofuata mwaka 1998 hutumia kompyuta, na ikigoma huhitaji kifaa cha kuisoma.

Kundi la pili ni injini za mtumba za Kijapani. Zipo za Toyota zisizo na turbo kama 3L ya lita 2.8, na ipo 1HZ ya lita 4.2 yenye silinda 6 na nguvu farasi 130 hivi, ile inayofahamika kwenye Land Cruiser. Nissan nao wana TD27 ya lita 2.7. Sifa kubwa ya kundi hili ni spea. Kichujio, gasketi na nozeli za Toyota hupatikana karibu kila mji.

Kasoro yake ni kwamba injini hizo hazikutengenezwa kukaa katika Land Rover. 1HZ ni ndefu na nzito. Huhitaji nafasi ya rejeta isogezwe mbele, springi za mbele ziongezwe nguvu, na usukani upimwe upya. Hapo mwenye gari anaanza kufuata njia ya Cobra.

Gharama zisizoonekana

Mwenye gari anapokwenda Gerezani jijini Dar es Salaam, au Unga Limited mjini Arusha, huuliza bei ya injini. Ni mara chache kuuliza bei ya vitu vinavyoifuata. Orodha yake ni kama ifuatavyo:

- Bamba la kuunganishia injini na giaboksi, ambalo huchongwa kwa vipimo, pamoja na klachi inayolingana. Likikosewa hata kidogo, baringi ya mbele ya giaboksi haimalizi msimu.

- Mauntingi mpya zinazochomelewa kwenye chesisi. Chesisi ya Land Rover ni ya chuma na hupata kutu kwa ndani, ingawa bodi ni ya aluminiamu. Kuchomelea mauntingi kwenye chuma kilichooza ni kazi bure.

- Rejeta kubwa zaidi, mipira ya maji na feni. Gari linalopanda polepole likiwa na mzigo halipati upepo wa kutosha.

- Bomba la ekzosi, nyaya za umeme, stata na altaneta. Injini ya dizeli hudai pia betri yenye nguvu kuliko ya petroli.

- Mfumo wa mafuta. Ukihama petroli kwenda dizeli, tanki lazima lisafishwe, uwekwe mpira wa kurudisha mafuta kwenye tanki na kichujio cha kutenganisha maji.

- Shafti za kwenda ekseli ya mbele na ya nyuma, ambazo hupimwa na kukatwa upya kama giaboksi imebadilishwa.

Baada ya hapo ndipo inakuja difu. Land Rover za zamani zina difu ya uwiano wa 4.7 kwa 1, iliyokusudiwa injini inayozunguka haraka. Injini ya dizeli hufika mwisho wa mizunguko yake mapema, hivyo gari huunguruma sana na halikimbii. Wengi huweka difu ya 3.54 kwa 1, ambayo hupunguza mizunguko kwa asilimia 25 kwa mwendo ule ule. Juu ya lami hiyo ni nafuu. Mlimani gia ya kwanza nayo inakuwa nyepesi kwa asilimia hiyo hiyo, na sehemu ya nguvu uliyoinunua imerudishwa dukani.

Hesabu ya kalamu na karatasi

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia ya hesabu tu; kila msomaji aweke bei za kwake, na kwa mafuta atumie bei kikomo ya eneo lake inayotangazwa na EWURA kila mwezi. Tuseme lita ya mafuta ni Sh. 3,000, iwe petroli au dizeli, na gari hufanya kazi wiki 40 kwa mwaka.

Njia ya kwanza: kufanya ukarabati wa injini ya zamani ya petroli kwa Sh. 2,000,000. Gari linakwenda km 5 kwa lita.

Njia ya pili: kufunga injini ya dizeli ya turbo ya lita 2.5, kazi yote na vifaa vyote Sh. 9,000,000. Gari linakwenda km 8 kwa lita.

Kwa kuwa injini imekufa na lazima zitumike angalau Sh. 2,000,000, mtaji wa kuangalia si milioni 9 bali tofauti, yaani Sh. 7,000,000.

Gari linalotembea km 400 kwa wiki litatumia lita 80 kwa njia ya kwanza na lita 50 kwa njia ya pili. Akiba ni lita 30, sawa na Sh. 90,000 kwa wiki au Sh. 3,600,000 kwa mwaka. Mtaji wa nyongeza unarudi baada ya karibu miaka 2. Hiyo ni biashara.

Gari linalotembea km 120 kwa wiki, kwenda mnadani na kurudi, litatumia lita 24 au lita 15. Akiba ni lita 9, sawa na Sh. 27,000 kwa wiki au Sh. 1,080,000 kwa mwaka. Mtaji unarudi baada ya miaka 6 na nusu. Injini ya mtumba yenyewe huenda isifike huko.

Sasa tuseme fedha hizo ni za mkopo wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza kwa Sh. 7,000,000 ni Sh. 1,260,000. Mwenye gari la km 400 bado anabakiwa na Sh. 2,340,000 za kupunguza deni. Mwenye gari la km 120 ameokoa Sh. 1,080,000, na akiba yake yote haitoshi hata riba. Kila mwaka deni linamshinda, huku gari likipanda mlima vizuri kuliko zamani.

Ipo njia ya tatu, ya lita 4.2. Tuseme kazi yote ni Sh. 12,000,000 na gari linakwenda km 6 kwa lita. Kwa km 400 kwa wiki akiba ni Sh. 40,000 kwa wiki, au Sh. 1,600,000 kwa mwaka, dhidi ya mtaji wa nyongeza wa Sh. 10,000,000. Hapo ni zaidi ya miaka 6 hata kwa gari lenye kazi nyingi. Injini hiyo itahalalishwa tu na kazi inayolipa zaidi kwa kila safari, kama vile kuvuta trela au kukodishwa na miradi, na si kwa mafuta.

Yako mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni muda. Ukarabati unaweza kuchukua wiki moja, na kubadili injini wiki nne au zaidi kifaa kimoja kikikosekana. Kama gari huingiza faida ya Sh. 250,000 kwa wiki wakati wa mavuno, wiki tatu za ziada gerejini ni Sh. 750,000 zilizopotea, na ziandikwe kama gharama. Gari liingie gereji wakati kazi ni chache, lisisubiri hadi magunia yamekwisha kushonwa.

La pili ni kodi. Zamani ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipangwa kwa ukubwa wa injini. Ada hiyo ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye ushuru wa mafuta. Wapo waliofikiri kwamba injini kubwa sasa haina kodi ya mwaka. Ukweli ni kwamba inalipa kila siku, lita kwa lita.

Kadi ya gari na bima

Kadi ya usajili ina namba ya chesisi, namba ya injini na ujazo wake. Injini ikibadilishwa, kadi na gari havisemi tena kitu kimoja. Mwenye gari anatakiwa kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), gari likakaguliwe, na kadi irekebishwe.

Wanaoahirisha kazi hiyo huikumbuka siku mbaya: siku ya kuuza gari, siku ya kuliweka rehani benki, au siku ya ajali. Bima ni mkataba wa kuaminiana. Kampuni iliyokatia bima gari la petroli la lita 2.25 ina haki ya kuuliza maswali ikikuta dizeli ya lita 4.2 chini ya boneti.

Aidha, mnunuzi wa injini ya mtumba adai risiti halali yenye namba ya injini. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetolewa kwenye gari la mtu, na bei yake rahisi ikageuka kesi.

Injini ya zamani nayo isikimbiziwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mnunuzi wa Land Rover ya kihistoria hulipa zaidi kwa gari ambalo injini yake ya asili ipo, hata kama iko kwenye sanduku stoo. Kwa sababu hiyo hiyo, fundi asikate bodi pale ambapo angeweza kufunga kwa bolti.

Kupanda ni injini, kushuka ni breki

Barabara ya Mbulu inayopita Magara hushuka ukingo wa Bonde la Ufa. Anayepanda huko huomba injini. Anayeshuka huomba breki. Injini kubwa haiongezi uwezo wa kubeba hata kilo moja, kwani uwezo huo hupangwa na chesisi, ekseli, springi, matairi na breki. Lakini dereva akiona mlima umekuwa mwepesi huongeza magunia, na magunia hayo ndiyo yanayomsukuma wakati wa kushuka.

Kwa wanaohama petroli kwenda dizeli ipo hatari nyingine ambayo haionekani kwa macho. Busta ya breki hufanya kazi kwa mvuto wa hewa, yaani vakyumu, unaotoka kwenye injini ya petroli yenyewe. Injini ya dizeli haina mvuto huo, hivyo lazima iwe na pampu yake ya vakyumu. Pampu hiyo ikiachwa, au ikiwa mbovu, pedali huwa ngumu kama jiwe na gari halisimami inavyopaswa. Difu nyepesi nayo hupunguza msaada wa injini kulizuia gari kwenye mteremko. Mambo hayo mawili yakikutana na mzigo uliozidi, hasara si ya mwenye gari peke yake.

Kwa hiyo breki, busta na pampu yake viwe vya kwanza kwenye orodha ya matumizi, kabla ya injini kununuliwa. Fedha zisipotosha vyote, kinachoahirishwa kiwe injini.

Ushauri kwa msomaji

Kabla ya kwenda Arusha au Dar es Salaam na fedha mfukoni, mwenye Land Rover aandike kwenye daftari, kwa wiki nne mfululizo, kilomita alizotembea, lita alizotumia na nauli au mizigo iliyomlipa. Wastani wa kilomita ukiwa chini ya 150 kwa wiki, afanye ukarabati wa injini aliyonayo na fedha zinazobaki anunulie mazao. Ukiwa juu ya 300, na kazi yenyewe iko nje ya lami, injini ya dizeli ya turbo isiyozidi ujazo wa ile ya zamani kwa kiasi kikubwa inaweza kumlipa, mradi isiwe kwa mkopo mkubwa. Walio katikati waamue kwa kuangalia hali ya chesisi: ikiwa imeoza, hakuna injini itakayoiokoa.

Daftari hilo halimgharimu mwenye gari zaidi ya kalamu, na siku ya kujadiliana bei na muuza injini ndilo litakalomwambia mwisho wake ni shilingi ngapi.